Kuta Zilizofunguka: Kisa cha Krosimemba ya Chuma Kigumu, Kigoma

Karakana ya kisa hiki iko Gungu, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kazi yake ya kila siku ni mabodi ya pick-up na malori madogo: kuchomelea, kunyoosha, kubadilisha sakafu zilizooza. Ina presi ya haidroliki ya tani 100, leizi moja, drili ya kusimama na mafundi wanaoijua kazi. Mteja wao mmoja, mwenye magari yanayopeleka mizigo Kasulu na Kibondo, alikuwa amechoka kubadilisha krosimemba fupi zinazokaa kati ya mihimili miwili ya chini ya bodi. Zile za bati jeusi la milimita 2 zilikuwa zikipinda kila masika yanapoharibu barabara za vijijini. Akaagiza bati la milimita 1.5 kutoka Dar es Salaam baada ya muuzaji kumwambia kwamba hicho ndicho chuma kigumu cha magari ya kisasa. Bati lilifika bila karatasi yoyote ya kiwandani.

Krosimemba yenyewe ina umbo la kofia: mgongo wa milimita 60, kuta mbili za milimita 50, na mbawa mbili za milimita 20 zinazofungwa bolti. Urefu wake ni milimita 420. Karakana ilikuwa na jike (umbo la chini lenye shimo) na dume (umbo la juu linaloshuka ndani yake) vilivyochongwa zamani kwa ajili ya bati jeusi, pamoja na fremu ya kubana kingo za bati wakati dume linashuka. Fremu hiyo ilikaa juu ya raba zilizokatwa kwenye tairi la lori na kupangwa tabaka kwa tabaka.

Bati jipya lilishuka ndani ya jike vizuri. Halikupasuka wala kufanya makunyanzi, na chini ya tani 60 lilikaa sawasawa na dume. Presi ilipofunguliwa, kuta zikaachana mbele ya macho ya kila mtu. Protrakta ilionyesha nyuzi 97 pale palipotakiwa 90. Zaidi ya hapo ukuta wenyewe haukuwa umenyooka tena: ulibinuka kwa nje kuanzia karibu na kona, na rula ikilazwa juu yake mwanga ulipita katikati. Kwa ukuta wa milimita 50, nyuzi 7 ni karibu milimita 6 kila upande. Matundu ya bolti yaliyotobolewa mapema hayakuonana na ya kwenye bodi.

Fundi mkuu, mzee aliyeishika presi hiyo kwa miaka mingi, aliamuru ipandishwe hadi tani 90. Ufunguzi ukapungua kwa uzi mmoja hivi, basi. Akasema kona zipigwe moto wa gesi zilainike. Mpwa wake, kijana aliyemaliza uhandisi mitambo, alikuwa amekwisha kufanya uigaji wa kazi hii kwenye kompyuta mpakato kabla bati halijaguswa, na uigaji ulisema kuta zingefunguka nyuzi 2 tu.

"Mjomba, hesabu nimeirudia, iko sawa."

"Sasa mwanangu, hiki nilichoshika mkononi nikiitaje?"

Hapo ndipo nilipoitwa. Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, na kwa sababu karakana nyingi za mikoani zitakutana na bati la namna hii kadiri magari yanayoingia nchini yanavyozidi kutengenezwa nalo.

Chuma gani hiki?

Jambo la kwanza nililoomba ni vipande vitatu vya bati: kimoja kimekatwa kufuata mwelekeo lilikoviringishwa kiwandani, kimoja kwa nyuzi 45, kimoja kwa kukingama. Vikapelekwa kwenye maabara ya chuo kimoja Dar es Salaam kufanyiwa kipimo cha kuvuta. Majibu yalirudi hivi: kikomo cha unyumbufu, yaani mkazo ambao chuma kikiuzidi hakirudi chote tena, karibu megapaskali 380, nguvu ya juu kabisa kidogo zaidi ya 610, na kurefuka kabla ya kukatika karibu asilimia 25. Bati jeusi la kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 200 hivi, na nguvu yake ya juu ni 300 na ushee.

Hizo ni namba za familia ya vyuma inayojulikana kwa herufi DP, yaani dual phase, chuma cha awamu mbili. Ndani yake kuna feriti, ambayo ni laini, na katikati ya feriti hiyo vimetapakaa visiwa vidogo vya martensiti, ambayo ni ngumu sana. Feriti ndiyo inayokifanya chuma kikubali kuvutwa bila kukatika, na martensiti inakipa nguvu. Mchanganyiko huo una tabia moja inayowapendeza watengenezaji wa magari: ukianza kuuvuta, ugumu wake unapanda haraka, kwa hiyo mahali palipoanza kuwa pembamba panajikaza na mvutano unahamia kwa jirani. Ndiyo maana kipande cha Gungu hakikupasuka.

Ila kila kipande cha chuma kinapopindwa, mpindo wake una sehemu mbili. Kuna ule unaobaki, na kuna ule unaorudi mzigo ukiondoka. Kiasi cha kurudi hupatikana kwa kugawa mkazo uliomo ndani ya chuma kwa moduli ya Young, kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyumbuka, na hapa ndipo penye uzito wa kisa chote: moduli hiyo ni karibu megapaskali 210,000 kwa bati jeusi na kwa DP vilevile. Kuongeza nguvu ya chuma hakuiongezi. Kwa hiyo bati lenye mkazo wa 600 kwenye kona litajirudi karibu mara mbili ya lenye mkazo wa 300, ukiacha unene na kipenyo cha kona vilevile. Tani za presi hazibadilishi uwiano huo. Zinaweza kuiponda kona kidogo na kuiba uzi mmoja, kama mzee alivyoona, na baada ya hapo unachosha pampu tu.

Mteja naye alihitaji kuambiwa jambo linalotokana na namba hiyohiyo. Alidhani chuma kigumu hakinesi. Kinanesa. Krosimemba ya milimita 1.5 yenye umbo lilelile inanesa zaidi ya ile ya milimita 2 kwa takriban theluthi moja, kwa sababu unene umepungua na moduli imebaki palepale. Alichopata kwa kununua DP ni kwamba baada ya kunesa inarudi mahali pake badala ya kubaki imepinda: unene mara kikomo, 1.5 kwa 380, unazidi 2 kwa 200 kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa shimo la barabarani hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu anayetaka sakafu ya bodi isitikisike, hajapata kitu.

Uigaji ulikosea wapi

Kijana alitumia OpenRadioss, programu huria ambayo msimbo wake uliwekwa wazi na kampuni ya Altair mwaka 2022. Ni chaguo zuri, na namsifu kwa hilo, kwa sababu leseni za programu za kiwandani za kazi hii ni ghali mno kwa karakana kama hii. Alijua pia kwamba kipande chenye umbo lilelile urefu wote hakihitaji kuigwa chote, akachukua ukanda wa milimita 10 badala ya 420. Kompyuta ndogo ikaweza.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kadi ya chuma, yaani namba za tabia ya chuma ambazo programu hupewa. Alipokosa karatasi ya kiwandani alichukua mstari wa chuma cha kawaida uliokuja na mfano wa mafunzo. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwa bati ambalo halikuwepo. Kuweka mstari uliotoka maabara, bila kugusa kitu kingine, kulipeleka jibu kutoka nyuzi 2 hadi kati ya 4 na 5.

La pili ni wavu wa elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu hugawa bati ili kulihesabu. Elementi zake zilikuwa na upana wa milimita 5, na kona ya dume ina nusukipenyo cha milimita 4. Maana yake bati lilikuwa linakunjwa kwa elementi moja au mbili, na kona iliyotakiwa kuwa duara ikawa pembe. Tulizipunguza hadi milimita 1 kwenye njia yote ambayo bati hupita juu ya kona. Tukaongeza pia vituo vya kuhesabu mkazo ndani ya unene wa bati, kutoka 5 hadi 9, kwa sababu kujirudi kunazaliwa na tofauti ya mkazo kati ya uso wa juu na uso wa chini, na vituo vichache huilainisha tofauti hiyo.

Wavu mdogo una gharama. Programu ya aina hii hupiga hatua ndogo za muda, na hatua haiwezi kuzidi muda ambao sauti huchukua kupita kwenye elementi moja. Sauti hupita kwenye chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo elementi ya milimita 1 inadai hatua ya sehemu mbili za milioni kumi za sekunde. Presi ya Gungu inashuka milimita 10 kwa sekunde. Kina cha milimita 50 kingekuwa hatua milioni 25. Dume la kwenye kompyuta huharakishwa hadi mita 2 kwa sekunde, na hatua zinabaki 125,000. Ujanja huu unakubalika mradi uangalie nishati ya mwendo ibaki asilimia chache tu ya nishati ya kupinda bati. Ikizidi hapo, umeanza kuiga nyundo badala ya presi. Kijana alikuwa ameliangalia hilo. Kujirudi kwenyewe tulikuhesabu kwa njia ya pili, ya msawazo tuli, maana bati lililoachiwa linatafuta mahali pa kutulia na halina haraka.

Halafu kuna vitu vya karakana ambavyo mchoro haukuvionyesha. Jike lilichongwa kwa bati la milimita 2, na lilikuwa limelika. Venia kalipa ilionyesha pengo la milimita 2.2 kati ya dume na jike, wakati kwenye kompyuta lilikuwa 1.6. Bati la 1.5 lilikuwa na nafasi ya kulala upande. Fremu ya kubana nayo ilipewa nguvu isiyobadilika ya kilonyutoni 80 tangu mwanzo hadi mwisho. Raba za tairi hazifanyi hivyo. Zinaanza karibu na sifuri na kupanda kadiri zinavyobanwa, kwa hiyo bati liliteleza kwa uhuru nusu ya safari, kisha likaanza kukazwa. Tuliziweka raba chini ya presi, tukasoma geji kila milimita 5, na mstari uliopatikana ndio tulioupa programu.

Limebaki suala la ukuta kubinuka, ambalo kadi ya chuma pekee haikulieleza. Bati linapovutwa juu ya bega la jike, yaani ukingo wa mdomo wake, linakunjwa. Likishapita bega, linanyooshwa tena kuwa ukuta. Uso mmoja umebanwa kisha ukavutwa, mwingine umevutwa kisha ukabanwa. Anayesuka mkeka analijua hilo: ukindu ukipitishwa kwenye makali ya kisu hujiviringa wenyewe. Na chuma kilichovutwa kisha kikabanwa hukubali kubanwa mapema kuliko ambavyo ugumu wake mpya ungekufanya utegemee. Tabia hiyo ina jina la Bauschinger, mhandisi wa Munich wa karne ya 19, na kwenye vyuma vya DP ina nguvu. Modeli rahisi ya ugumu, ambayo inachukulia chuma kinakuwa kigumu sawasawa pande zote, inauzidisha mkazo baada ya kunyooshwa na kwa hiyo inazidisha mbinuko.

Upande mwingine, moduli ya Young inayopimwa bati likiwa jipya siyo ile inayofanya kazi wakati wa kuachia. Baada ya kuvutwa, DP hurudi kwa mwinamo mdogo zaidi, pungufu kwa asilimia 10 hadi 20, na hilo linaongeza kujirudi. Sasa ona hatari: mtu anayetumia modeli rahisi ya ugumu pamoja na moduli isiyobadilika ana makosa mawili yanayovutana pande tofauti. Anaweza kupata jibu linalokaribia ukweli kwa kipande hiki, akaliamini, kisha kona ya kipande kinachofuata ikabadilika na kila kitu kikamponyoka. Mimi nilisisitiza tuyarekebishe yote mawili kwa pamoja au tuyaache yote mawili. Baada ya hapo kompyuta ikasema nyuzi 6 na nusu, na ukuta ukabinuka upande uleule uliobinuka mkononi mwa mzee.

Kwa anayeanza, kuna kipimo cha wazi cha kujinoa nacho. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa NUMISHEET uliofanyika Isehara, Japani, washiriki walipewa kazi ya kuvuta ukanda wa bati kuwa umbo la U, kwa chuma laini, chuma cha nguvu kubwa na aluminiamu, kisha kutabiri pembe ya kona, pembe ya bega na mbinuko wa ukuta. Majibu yalitofautiana sana. Kazi hiyo bado inatumika kuwa mtihani wa kwanza, na umbo lake ni binamu wa krosimemba yetu. Ningependa kila kijana wa uhandisi aifanye kabla hajagusa kazi ya mteja.

Tani, moto, au njia nyingine

Baada ya modeli kukubaliana na kipande halisi, tuliweza kuiuliza maswali ambayo kwa kuchonga dai mpya (jike na dume lake) kila mara yangemaliza fedha.

Viwanda vikubwa hutibu mbinuko wa ukuta kwa kuuvuta mwishoni. Milimita chache kabla ya dume kufika chini, kingo za bati hufungwa zisiteleze tena, na ukuta wote hurefushwa angalau asilimia 2. Nyuso zote mbili zinakuwa katika hali ya kuvutwa, tofauti kati yake inapungua, na bati likiachiwa halina sababu ya kujiviringa. Raba zetu zilikuwa tayari zinaelekea huko kwa bahati, kwa kukaza zaidi mwishoni, ila hazikuwa na nguvu ya kufunga. Hesabu ya njia hiyo ilikuwa fupi. Kuta mbili za unene wa 1.5 kwa urefu wa 420 zina eneo la milimita mraba 1,260. Kwa mkazo wa 500 hivi unahitaji kilonyutoni 630, karibu tani 64, kwa kuta peke yake. Ongeza nguvu ya kufunga kingo, ongeza msuguano, na unagusa mwisho wa presi ambayo geji yake inagoma juu ya 90. Kompyuta ilisema inawezekana. Mzee aliangalia fremu ya presi akasema hataisimamia, na nilikubaliana naye bila ubishi.

Moto ulihitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mzee alikuwa na hoja: alikwisha kusikia kwamba magari mapya yana vyuma vinavyopigwa vikiwa vyekundu. Ni kweli. Chuma chenye boroni kidogo, kinachoandikwa 22MnB5, hupashwa moto kwenye tanuri hadi nyuzi 900 au 950 za Selsiasi, kikapigwa presi kingali laini, na presi ikabaki imefungwa huku maji yakipita ndani ya dai. Kinapoa kwa kasi inayozidi nyuzi 27 kwa sekunde, muundo wake wote unageuka martensiti, na nguvu yake inafika karibu megapaskali 1,500. Kujirudi kunakaribia kutoweka kwa kuwa umbo linaganda ndani ya dai. Kampuni ya Plannja ya Sweden iliipatia hataza mbinu hiyo mwaka 1977, na Saab 9000 ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza kuitumia, kwenye vyuma vya kukinga milango.

Bati letu si hilo, na mtungi wa gesi si tanuri. Ukiipiga moto kona ya DP kwa bomba la gesi, visiwa vya martensiti vinalegea, na unaiondoa nguvu uliyoilipia pale hasa ambapo krosimemba inabeba mzigo. Upande uliopata moto zaidi unavuta ukipoa, kipande kinapinda upya. Nilimwomba mzee achukue vipande viwili vya mabaki, kimoja apige moto hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe, kingine akiache kilivyo, kisha avikunje vyote kwenye vaisi kwa mkono. Alipokunja cha pili hakuzungumzia gesi tena. Na hili linahusu zaidi ya krosimemba: nguzo za katikati na fremu za milango za magari mengi yanayokuja kutoka Japani zimetengenezwa kwa vyuma hivi au vile vya boroni, na miongozo ya watengenezaji hukataza kuvinyoosha kwa moto. Gari linaonekana limenyooka, na abiria wa nyuma hajui kwamba ubavu wake umelainishwa.

Kukunja badala ya kuvuta

Kilichotufungua ni picha moja kutoka kwenye uigaji: ramani ya mkazo ya ukuta, uso wa ndani na uso wa nje. Ubaya wote ulianzia begani mwa jike, na ulikuwepo kwa sababu tu bati lilivutwa juu ya bega. Krosimemba hii imenyooka urefu wote. Haina bakuli, haina kona mbili zinazokutana. Hakuna ulazima wa kuivuta. Ikikunjwa mikunjo minne, mmoja baada ya mwingine, kwenye dai ya V, ukuta haupiti juu ya bega lolote na hauna kwa nini kubinuka. Inabaki pembe peke yake, na pembe inatibika kwa kukunja kupita 90.

Dai ya V yenye mdomo wa milimita 16 inahitaji takriban tani 5 kwa bati hili. Presi iliyokuwa inalia kwa tani 90 ingeifanya kazi hii kwa mvuto mdogo wa lever.

Tuliiga mkunjo mmoja mmoja. Bati lilijirudi kati ya nyuzi 4 na 5, kwa hiyo dume lilichongwa na ncha kali zaidi ili liweze kusukuma hadi 85 hivi. Kwenye mkunjo wa nne ndipo kompyuta ilipolipa gharama yake yote. Mbawa hukunjwa kwanza, kisha ukuta wa kwanza, kisha wa pili. Na ukuta wa pili unapoinuka, mgongo unainuka pamoja nao na ule wa kwanza unalala kuelekea kwenye dume. Kwa mgongo wa 60 na ukuta wa 50, ncha ya ukuta inafika kama milimita 7 kutoka mstari wa katikati wa dume pembe ikiwa 90. Dume la bamba la milimita 10 lina 5 kila upande, linapita. Lakini tunakunja kupita 90, na kwenye 86 ncha imebakiza milimita 4 tu. Kwenye skrini ukuta uligonga dume na kuanza kujikunja katikati. Mzee alikitazama kile kigongano, akachukua chaki, akachora kwenye bamba jinsi upande mmoja wa dume utakavyochimbwa kwa ndani kuanzia juu ya ncha ili ukuta upate pa kulala. Hilo halikutoka kwenye programu. Lilichongwa siku hiyohiyo.

Presi haikuwa na kituo cha kina, nalo ni jambo zito kwenye kukunja kwa V. Kwa mdomo wa milimita 16, uzi mmoja wa pembe ni sawa na sehemu 14 za mia za milimita kwenye kina cha dume. Jicho haliwezi, geji ya mafuta haiwezi. Vikawekwa vizuizi viwili vya chuma vinavyogusana dume linapofika, na tofauti ndogo zinarekebishwa kwa kupachika vipande vya bati jembamba juu yake. Krosimemba zilizotoka zilikuwa ndani ya uzi mmoja wa 90, kuta zimenyooka, matundu yakaonana na ya bodi bila kuvutwa kwa bolti.

Kuhusu matundu nina neno, kwa sababu zile za mwanzo zilizolazimishwa kwa bolti zilikuwa zimekwisha kuanza nyufa ndogo kwenye kingo. Tundu la bati la DP likipigwa kwa ponchi, ukingo wake unabaki na nyufa zisizoonekana pale martensiti ilipoachana na feriti, na ukiuvuta unafunguka. Sasa yanatobolewa kwa drili baada ya kukunja na kupigwa tupa. Inachelewesha kazi, nami naona inastahili. Mji huu una mfano wake wa zamani: meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, ikaungwa hapa kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915. Maelfu ya matundu yaliyotobolewa ng'ambo yalipaswa kuonana kando ya ziwa hili.

Kisichokuwa na uhakika ni bati linalofuata. Muuzaji hatoi karatasi, na DP ya kiwanda kimoja hailingani na ya kingine hata jina likiwa moja. Kupeleka vipande maabara Dar es Salaam kwa kila shehena hakuwezekani. Kijana alitengeneza kipimo cha karakana: ukanda wa bati wa milimita 30 unakunjwa kwenye pini ya milimita 8 hadi kizuizi cha nyuzi 90, unaachiwa, na pembe inasomwa. Aliuiga ukanda huo kwenye kompyuta kwa vikomo vya unyumbufu mbalimbali, kuanzia 250 hadi 500, akapata jedwali linalobandikwa ukutani karibu na presi: pembe iliyosomwa upande mmoja, unene wa kipachiko cha kizuizi upande wa pili. Mzee ndiye anayelitumia. Shehena ya pili ilipofika, ukanda ulijirudi nyuzi 2 zaidi ya ule wa kwanza. Akaondoa kipachiko cha karibu sehemu 28 za mia za milimita ili dume lizame zaidi, akakunja kipande kimoja cha majaribio, kikasoma 91. Akapunguza tena kidogo kabla ya kuanza kazi ya mteja.